Ndege wa Jua na Hesabu ya Mwaka

Jamaa zetu wa Bilpam, mjini Juba, wamekwisha kumwona korongo akisimama peke yake ukingoni mwa Naili Nyeupe, kimya kama mlinzi wa zamu. Maelfu ya miaka iliyopita Wamisri, walioishi kaskazini kando ya mto huohuo, walimtazama ndege wa namna hiyo wakamfanya ishara ya wakati unaoanza upya.

Walimwita Benu. Walisimulia kwamba hapo mwanzo yalikuwapo maji matupu, kisha kilima kikachomoza, naye ndege akatua juu yake. Aliheshimiwa katika mji wa Jua, ambao Wagiriki waliuita Heliopolis. Mahali pake leo pamo ndani ya Kairo. Alipewa pia cheo cha bwana wa jubilei, sherehe ambayo kwa desturi mfalme aliifanya akitimiza miaka 30 ya utawala, ili nguvu zake zirudi.

Mgiriki Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba ndege huyo, finiksi, huja kila baada ya miaka 500. Alikiri kwamba yeye mwenyewe alimwona pichani tu. Habari ya kuteketea na kufufuka majivuni ililetwa na waandishi wa baadaye.

Lakini makuhani hawakukaa wakimngoja ndege, walihesabu. Mwaka wao ulikuwa na miezi 12 ya siku 30, na siku 5 za ziada zikawa za kuzaliwa miungu. Waliingoja nyota Siriusi, ambayo hupotea machoni kwa siku zipatazo 70, kisha huonekana tena kabla ya mapambazuko, karibu na majira ya mafuriko. Hata hivyo hesabu ilipungua robo ya siku kila mwaka. Katika miaka 120 kalenda iliachana na jua kwa mwezi mzima. Mwaka 238 kabla ya Kristo makuhani waliokutana Kanopo waliamuru siku moja iongezwe kila mwaka wa nne, lakini agizo lao halikushika. Desturi takatifu ni nzito kugeuzwa.

Waswahili wa pwani nao walikuwa na mwaka wa siku 365. Huko Makunduchi, Unguja, sikukuu ya Mwaka Kogwa hufanyika mwezi Julai. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, na aliyemo hutoka mbio akiwa salama. Jambo lililowashinda wengi, yaani kusamehe, limewekewa siku yake.

Sisi je? Vita vya mwaka 1983 hadi 2005, na vile vilivyozuka Juba Desemba 2013, viliacha vinyongo katika kambi na majumbani. Nyumba ya askari huhesabu zamu, likizo na mshahara. Ihesabu pia siku moja ya kuketi mkekani, mume, mke, watoto na jirani, kila mtu aseme lililomuumiza, kisha liachwe hapo. Finiksi hatukumwona, wala hatuna haja ya kumngoja miaka 500. Chagueni siku, muiandike ukutani, na ikifika msiiahirishe.