Mawingu yakitanda, chunga kidimbwi chako

Samaki wa kidimbwini aghalabu hafi mvua inaponyesha. Hufa alfajiri ya siku ya pili au ya tatu, mbingu zingali zimefunga na mwenyewe akidhani hatari imepita. Anatoka nje na kikombe chake cha chai, anawakuta ngege wameelea matumbo juu, na neno la kwanza kumtoka ni kwamba jirani amewatilia sumu. Kabla hujamwita jirani kwa chifu, hebu nisikilize.

Maji ya kidimbwi hupata oksijeni kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo unaotikisa uso wa maji. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni ule ukijani unaouona majini, ambao ni mimea midogo mno inayotengeneza oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku mimea hiyo hiyo hugeuka ikawa mlaji, ikavuta oksijeni pamoja na samaki. Ndiyo maana oksijeni huwa haba kabisa karibu na mapambazuko. Sasa jua lisipoonekana siku tatu mfululizo, kinacholiwa usiku hakirudishwi mchana. Fauka ya hayo, mvua kubwa ya baridi ikiangukia maji yenye vuguvugu, yale ya baridi huwa mazito, hivyo huzama na kuyasukuma juu yale ya chini kabisa, yaliyojaa uozo wa chakula na kinyesi na yasiyo na oksijeni. Kidimbwi kizima kinapinduka, na samaki hawana pa kukimbilia.

Dalili yake ni rahisi. Amka mapema, hata kabla ya watoto kwenda shule, ukatazame. Ngege wakiwa wamejazana juu, midomo wazi, wakitweta, na ukiwakaribia wanazama kidogo kisha wanarudi papo hapo, basi wamekosa pumzi. Usimtazame kambare. Yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya kawaida, na anaweza kutulia tuli huku wenzake wakifa.

Hapo usingoje fundi. Fungulia maji safi yaingie kwa kuanguka kutoka juu ili yabebe hewa. Mwenye pampu na ayavute maji ya kidimbwi hicho hicho, ayarushe juu na kuyarudisha. Asiye nayo achukue ndoo, achote na kumwaga, achote na kumwaga, nyumba nzima ikipokezana mpaka jua lichomoze vizuri. Ila wakazi wa mjini wajihadhari: maji ya mfereji yana klorini, na klorini huua samaki. Yaache kwenye tangi lililo wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia.

Jambo jingine ni kusimamisha chakula. Najua watoto wakifunga shule hufurahia kutupa chakula kila wakipita, lakini siku za mawingu samaki hawali sana, na chakula kilichobaki huoza na kula ile oksijeni chache iliyopo. Samadi vilevile isitiwe mpaka jua lirudi.

Kuna hasara nyingine isiyongoja alfajiri, nayo ni mafuriko. Mnamo 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneo bunge miongoni mwa 140 yaliyochaguliwa. Lilikuwa wazo zuri, na limewafunza watu wengi kula samaki mbali na ziwa. Lakini ufugaji huu hufuata maji, na kidimbwi kinachochimbwa bondeni, hatua chache kutoka mtoni, kimechimbwa katika njia ya mto. Waliokumbuka El Niño ya 1997 na 1998 walijua hivyo, na mvua za Aprili na Mei 2024 zikawakumbusha waliosahau. Kwa maoni yangu, mtu anayechimba kwenye ukingo wa mto anamfugia mto.

Kama kidimbwi chako kiko mahali panapofaa, kazi ifanywe Februari, kabla masika hayajaanza. Tuta liinuke angalau sentimita 30 juu ya maji. Lipandwe nyasi zinazotambaa, wala si miti, kwani mizizi ya mti hutoboa tuta na maji hupata mlango. Upande wa juu chimba mtaro wa kuyapisha maji ya mlimani, maana hayaji peke yake: huja na matope yanayozuia mwangaza, na huenda yakaja na dawa za kunyunyizia mimea kutoka shamba la juu. Bomba la kutolea maji yaliyozidi lifungwe wavu, na wavu huo usafishwe kila baada ya mvua, la sivyo majani yataziba na maji yatapita juu ya tuta pamoja na samaki. Wale waliokwisha kufikia robo kilo, wauze mapema. Pesa mfukoni hazisombwi na maji. Tena samaki wa kufugwa akiingia mtoni anaweza kuwasumbua samaki wa asili waliomo.

Wasomaji wa Limuru na Kinangop wana adui tofauti, nao ni baridi. Ngege hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hamu ya chakula hupungua, yakikaribia 16 huacha kula, na yakifika 11 au 12 huanza kufa. Kidimbwi chenye kina cha mita moja na zaidi hutunza joto kuliko kile kifupi, na karatasi ya nailoni iliyotandazwa juu ya fito, kama kibanda cha nyanya, husaidia sana. Julai lisha kidogo tu, tena adhuhuri. Usivue kwa wavu siku za baridi kali, kwani samaki aliyechubuka huota ukungu kwenye kidonda. Anayeishi kwenye sakitu afikirie trauti, mradi awe na maji baridi yanayotiririka mwaka mzima.

Na ninyi wenye samaki wa dhahabu kwenye kibirika cha saruji mbele ya nyumba, samaki wenu ni wagumu kwa baridi, msiwaonee huruma kupita kiasi. Hakikisheni tu kwamba mfereji wa paa hauishii humo. Maji ya kwanza baada ya kiangazi husafisha mabati, na takataka zote za miezi mitatu humwagika mara moja.