Ukimwita Mashine, Umeshaacha Kuongea Tenisi

Ubishi wa mashabiki wa tenisi ni kama matatu: ikitoka tu stage unajua itaishia wapi. Dakika ya kwanza mnabishana kuhusu bekihandi. Ya Roger Federer ni ya mkono mmoja, ya Novak Djokovic ni ya mikono miwili, ipi tamu zaidi? Dakika ya kumi mtu anasema Djokovic hucheza kama mashine, hana roho. Dakika ya kumi na tano mwingine anauliza mbona kila mchezaji wa Ulaya Mashariki lazima aitwe mashine. Dakika ya ishirini mko Belgrade, NATO, chanjo, Urusi na Ukraine, na hakuna anayekumbuka mpira ulidunda upande gani.

Halafu anatokea yule msee wa amani: "Jamani wacheni siasa, tuongee tenisi."

Leo niko na shida na huyo msee wa amani. Yeye anaamini siasa iliingia dakika ya ishirini. Mimi nasema iliingia dakika ya kumi, ndani ya neno moja tu: mashine. Na kwa sababu iliingia kimyakimya, ikijifanya ni maoni ya mchezo, hakuna aliyeiona.

Angalia majina tunayowapa hawa watu. Federer ni msanii. Rafael Nadal ni fahali. Djokovic ni mashine, au ukuta. Serena Williams ni nguvu. Sasa yasome tena pole pole. Mswizi amepewa sanaa. Mhispania amepewa fahali. Mserbia amepewa chuma. Mwanamke Mweusi aliyekulia Compton amepewa mwili. Ni bahati tu kwamba kila mmoja amepata jina linalofanana na vile watu walikuwa wanafikiria kuhusu kwao hata kabla hajashika raketi?

Sisemi kila anayetumia hayo maneno ana chuki. Wengi wetu tumeyaokota kwa watangazaji. Lakini maneno ya kuokota pia yana kazi yake, na kazi ya haya ni kukuzuia kuangalia mpira.

Kwa hivyo tuangalie mpira. Serena ana mataji 23 ya Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja, na pigo lake la kuanzisha mchezo ni kati ya yale bora kuwahi kuonekana kwa wanawake. Nguvu ilikuwepo, sikatai. Lakini kilichowamaliza wapinzani ni vile alivyorusha mpira juu. Aliurusha mahali palepale kila mara, na mwenye kungoja hakujua unaenda kona gani hadi umeshapita. Huo ni ufundi wa miaka na miaka ya kurudia kitu kimoja. Nadal naye, huyo fahali, alikuwa anatumia mkono wa kushoto kupiga mpira wenye mzunguko mkali uende kwenye bekihandi ya Federer, udunde uruke mpaka usawa wa bega, mahali ambapo bekihandi ya mkono mmoja huteseka. Akarudia, akarudia tena. Hiyo ni hesabu. Mtu hashindi Roland Garros mara 14 kwa misuli peke yake.

Na "mashine"? Nenda fainali ya Wimbledon ya 2019. Federer alishinda pointi 218, Djokovic akashinda 204. Seti ya tano, Federer akiwa mbele 8-7 na yeye ndiye anayeanzisha mpira, alipata pointi mbili za ubingwa. Moja tu kati ya hizo na mechi imeisha. Uwanja karibu wote ulikuwa wake. Djokovic akaziokoa zote mbili, akashinda taibreki zote tatu za siku hiyo, na akaondoka na kombe. Sasa niambie, mashine gani hushinda pointi chache kuliko mwenzake, halafu inachukua zile zenye uzito wote, uwanja mzima ukimshangilia yule mwingine? Kama hiyo si roho, basi sijui roho tunaipima na nini.

Kitu kingine: staili haitoki kwa damu ya taifa. Inatoka kwa uwanja, nyuzi za raketi, kocha, na ni nani anakusumbua kwa wakati huo. Mwaka 2001 Wimbledon walibadilisha mchanganyiko wa nyasi zao, wakapanda aina moja tu iliyo imara zaidi. Fainali ya wanaume ya mwaka huo ilikuwa ya watu wa kupiga na kukimbilia wavu, Goran Ivanišević na Patrick Rafter. Mwaka uliofuata fainali ikawa ya Lleyton Hewitt na David Nalbandian, na karibu yote ilichezwa nyuma ya mstari. Rafter ni Mwaustralia. Hewitt pia ni Mwaustralia. Nchi moja, bendera moja, staili mbili tofauti kabisa ndani ya mwaka mmoja. Yule anayekuambia "watu wa nchi fulani hucheza hivi" muulize kwanza walijifunzia kwenye uwanja wa aina gani.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi siasa itoke. Siasa iko kwa tenisi, tena kubwa, na kujifanya haipo ni uongo. Ninachosema ni tuiweke mahali pake tuiite jina lake. Mimi huwa na maswali mawili ya kujua kama siasa ni ya kweli au ni tusi limevaa suti. Nani ameamua? Na nani analipa bei?

Chukua Djokovic huyohuyo. Januari 2022 alifika Melbourne bila chanjo ya korona, akazuiliwa, serikali ya Australia ikafuta viza yake, mahakama ikakubaliana na serikali, akarudishwa kwao. Baadaye mwaka huo akakosa pia US Open. Sikubaliani na uamuzi wake wa chanjo hata kidogo, lakini aliuamua yeye na bili akailipa yeye. Mwaka 2023 akiwa Paris aliandika kwenye kioo cha kamera ujumbe kwamba Kosovo ni moyo wa Serbia. Hapo siasa ameileta mwenyewe, kwa mkono wake. Mbishanie, mkosoe, mtetee. Huyu ni mtu ambaye mji wake ulipigwa mabomu na NATO mwaka 1999 kwa siku 78 na akatimiza miaka 12 katikati ya hizo siku, na pia ni mtu mzima anayejua ujumbe wake unawaumiza watu wa Kosovo waliokuwa na vita vyao na maiti zao. Yote mawili ni kweli. Lakini hakuna hata moja inayokuambia kitu kuhusu bekihandi yake.

Sasa njoo Wimbledon ya 2022, ambayo ndiyo huvunja urafiki wa watu. Waandaaji waliamua kuwazuia wachezaji wote wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine. Daniil Medvedev alikuwa namba moja duniani, akabaki nje. Vyama vya wachezaji, ATP na WTA, vikajibu kwa kuondoa pointi za mashindano hayo. Na kombe la wanawake likachukuliwa na Elena Rybakina, aliyezaliwa Moscow na ambaye tangu 2018 anachezea Kazakhstan. Yaani walifunga mlango wa mbele wakiangalia pasipoti, na Moscow ikapita na pasipoti nyingine. Mwaka uliofuata Wimbledon wakaacha hiyo marufuku, wakawaruhusu kucheza bila bendera.

Msimamo wangu ni huu: kumfungia mtu mlango kwa sababu ya mahali mama yake alimzalia ni kosa, hata kama vita ni vibaya, na hivi vita ni vibaya sana. Aliyeamua alikuwa kamati London. Aliyelipa ni mchezaji ambaye hakutuma jeshi popote. Lakini mchezaji wa Ukraine akikataa kusalimia mpinzani kwa mkono, hapo maswali yangu yanatoa jibu tofauti. Ameamua yeye, na bei analipa yeye. Na analipa kweli: Mei 2023 Paris, Marta Kostyuk alizomewa na watazamaji kwa kukataa kumsalimia Aryna Sabalenka wa Belarus. Miezi miwili haijaisha, Wimbledon, Victoria Azarenka wa Belarus akazomewa baada ya kushindwa na Elina Svitolina wa Ukraine, wakati alijua Svitolina hatampa mkono na akaheshimu hilo. Uwanja mmoja ulimzomea Mukraine, mwingine ukamzomea Mbelarus. Wote walikuwa wamelipa tiketi "kuona tenisi tu."

Kuna mtu atasema kususia hakujawahi kusaidia. Mwaka 1974 India walifika fainali ya Kombe la Davis dhidi ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walikataa kucheza. Afrika Kusini wakapewa kombe bila kupiga mpira hata mmoja. Hebu fikiria: umefika fainali na unaiacha. Hawakumfungia mtu mlango; walijinyima wenyewe. Hiyo ndiyo siasa ambayo mimi naivulia kofia.

Na ukitaka mtu mmoja aliyebeba staili na siasa bila kuzichanganya, ni Arthur Ashe. Mmarekani Mweusi, alinyimwa viza ya Afrika Kusini, akaendelea kuomba mpaka akaingia na kucheza mwaka 1973, na wako Waafrika Weusi waliomlaumu kwa kwenda. Baadaye akaunga mkono kuisusia nchi hiyo, na 1985 akakamatwa kwenye maandamano nje ya ubalozi wake Washington. Hayo ni maamuzi yake, na aliyabeba. Lakini uwanjani, fainali ya Wimbledon ya 1975, alikutana na Jimmy Connors, kijana bingwa mtetezi aliyependa mpira wa kasi. Ashe alijulikana kwa kupiga kwa nguvu. Siku hiyo akaacha nguvu nyumbani. Akampa mipira laini, ya chini, ya kukata, na mingine ya kupita juu ya kichwa. Connors hakupata kasi ya kuiazima. 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Angekuwa ni "nguvu" tu, hiyo mechi angepoteza. Mtu akicheza hivyo leo tungemwita nani, msanii?

Sisi Wakenya tunafaa kuielewa hii mapema kuliko watu wengi. Hapa ukitaja jina lako la mwisho, mtu ameshajua tabia yako: hawa ni wa pesa, hawa ni wa maringo, hawa ni wa kukimbia tu. Mwanariadha kutoka Iten akishinda, kuna watu nje huko wataongea mapafu na milima kabla hawajaongea akili na mpango wa mbio. Inatuudhi, si ndio? Basi tusiwafanyie wengine.

Halafu kuna siasa ya tenisi iliyo mlangoni petu na hatuibishanii kabisa. Wimbledon ileile ya 2022, Angella Okutoyi wetu na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda taji la wasichana wawili wawili, Mkenya wa kwanza kupata taji la Grand Slam la vijana. Kwenye fainali waliwapiga Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Huyo Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, Agosti 2025 alishinda mashindano makubwa ya Kanada kule Montreal akimpiga Naomi Osaka. Siku moja kwenye nyasi za London hawa wasichana walikuwa wametenganishwa na pointi mbili: taibreki ya mwisho iliisha 11-9. Baada ya hapo mmoja akarudi kwa mfumo wenye viwanja, makocha, mashindano ya nyumbani na pasipoti inayofungua Ulaya. Mwingine ana pasipoti ambayo karibu kila mashindano ya Ulaya huanzia kwa foleni ya viza.

Nani ameamua? Nani analipa? Hapa Nairobi viwanja vingi vya tenisi viko ndani ya klabu za wanachama, zingine zimeanza enzi ambazo Mwafrika aliingia kupitia mlango wa wafanyikazi. Mtoto wa mtaani kwetu anaona mpira wa miguu kila kona, tenisi anaiona kwa simu. Huo ndio ubishi wa siasa ningependa tuufikishe dakika ya ishirini.

Kwa hivyo mkianza tena, na najua mtaanza, msinyamaze. Mkiongea staili, niambie mpira ulienda wapi na kwa nini. Mkiongea siasa, niambie nani aliamua na nani alilipa. Ukishindwa kujibu lolote kati ya hayo na umebaki na "huyo ni mashine," buda, huongei tenisi wala siasa.