Miaka 50: gitari tatu za okazyo zinashinda feti ya siku moja

Lubumbashi. Mtu akifikisha miaka 50 katika mji huu, jamaa wote wanajua kitakachofuata. Viti na bafle vinakodishwa, vitenge vya rangi moja vinashonwa, kreti za Simba zinapangwa ukutani na bukari inapikwa kwa masufuria makubwa. Kesho yake viti vinarudi kwa mwenyewe, chupa tupu zinahesabiwa, na mara nyingi kinachobaki nyumbani ni deni.

Si vibaya kumshukuru Mungu pamoja na majirani. Lakini nusu karne ya maisha inastahili kuacha kitu kitakachosikika hata mwaka ujao. Kwa mtu anayependa muziki kitu hicho kipo, na bei yake si ya kutisha: gitari za umeme zilizokwisha kutumika, zile ambazo watu wanaita okazyo.

Hapa zinatajwa gitari nyingi, si moja, na kuna sababu. Rumba ya Kongo ni mazungumzo. Gitari ya kwanza inasindikiza mwimbaji na kushika njia. Ya pili, mi-solo, inakaa katikati na kujibu. Ya tatu, solo, inapanda juu na kuongoza sebene. Kwenye mi-solo, wapigaji wengi wanatoa uzi wa nne, ule wa re, wanaweka uzi mwembamba na kuukaza mpaka ufike re ya juu. Gitari iliyofungwa hivyo inabaki na kazi yake. Kwa hiyo mwenye gitari moja ana chombo cha mazoezi, lakini mwenye tatu ana mwanzo wa orkestra. Na fedha za gitari moja mpya ya chapa kubwa mara nyingi zinatosha kununua tatu za okazyo zinazolia vizuri.

Wengine watasema huo ni mchezo wa vijana. Wahesabu miaka kwanza. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akipiga gitari isiyo ya umeme kwa vidole vyake tu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 gitari ya umeme ilianza kushika Léopoldville, na vijana kama Franco na Nico Kasanda wakaifanya iseme kwa namna ambayo Afrika nzima iliiga. Nico alifariki mwaka 1985, Franco mwaka 1989, Mwenda mwaka 1990. Mtu aliyezaliwa mwaka 1975 alikuwa na miaka 10 Nico alipoondoka, na miaka 14 alipoondoka Franco. Ndiye karibu wa mwisho kukua akisikia muziki huo kwenye redio wakati wenyewe bado wako hai. Masikio hayo ni mali.

Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa wanadamu. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini cheti hakimfundishi mtoto mahali pa kuweka kidole. Leo kwenye sherehe nyingi muziki unatoka kwenye sinteti au kwenye kle USB. Vijana wengi wanaojua gitari wamejifunzia kwenye kwaya za kanisa, ambako chombo kimoja kinapita mikono mingi na kila mmoja anangoja zamu yake. Talanta haikosekani Katuba wala Kenya. Kinachokosekana ni vyombo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Katanga hapaswi kulisahau. Ndani ya kila gitari ya umeme, chini ya nyuzi, kuna mikro: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya shaba ile na kwenda kwenye ampli. Bila shaba hakuna sauti. Ingekuwa aibu nchi inayochimbia dunia shaba ikose watoto wa kuipiga.

Hofu ya okazyo inaeleweka, kwa kuwa vitu vibovu vimejaa. Dawa yake ni kutonunua kwa macho. Jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitari ni rahisi kuigwa. Mnunuzi aende na mpigaji anayejua, hata kama ni kijana wa kwaya, na ampli iwepo. Waangalie shingo kama imenyooka, wakiitazama kama fundi anavyotazama ubao. Wapige kila uzi kwenye kila hatua ya shingo, wasikie kama kuna sauti inayokufa au kukwaruza. Wazungushe vifungo na kutikisa waya pale unapoingia: kelele hapo mara nyingi fundi anaweza kuitengeneza kwa fedha kidogo, lakini shingo iliyopinda sana ni hasara. Nyuzi kuukuu zisimtishe mtu, zinabadilishwa. Ampli ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kuwa ya volti 120, na ikichomekwa kwenye 220 ya hapa bila transfo, inaungua siku ile ile.

Kuna lawama moja nzito: asiyepikia watu siku yake ataitwa mchoyo. Ni kweli, chakula kinaunganisha jamaa. Lakini hakuna anayelazimishwa kuchagua moja na kuua jingine. Kreti zipungue, vitenge vya rangi moja visubiri, sufuria moja ya bukari ibaki, na bafle za kukodi zipishe gitari. Ukoo ambao umeshirikishwa tangu mwanzo hauwezi kusema umenyimwa.

Sharti ni moja: gitari hizo zisitundikwe saluni kama picha. Mwenye siku yake ajiwekee moja, kwa kuwa vidole vya miaka 50 bado vinajifunza, polepole. Mbili ziwe kwa vijana wa kartie, na siku maalumu ya mazoezi, na mtu mmoja anayezitunza na kuandika nani amezichukua. Umeme ukikatika wasirudi nyumbani. Gitari ya umeme inasikika kidogo hata bila ampli, na vidole vinafanya kazi ile ile gizani.

Bia ya siku moja inakwisha siku ile ile. Mtoto aliyefundishwa kushika mi-solo atamtaja aliyemnunulia gitari hata atakapofikisha miaka 50 yeye mwenyewe.