Betri si nzito, hesabu yako ndiyo nyepesi

Wasee, hii stori ya "ndege ya rimoti ya stima ni nzito, ya ukweli ni ya mafuta" inafaa izikwe.

Kijana akitokea uwanjani na ndege yake ya betri, wakubwa wa mafuta wanamwangalia kama mtu aliyebeba toi. "Tafuta injini, hiyo betri ni jiwe." Anarudi nyumbani akiamini kwamba bila pesa ya injini yeye si rubani. Hiyo ndiyo inaniuma, kwa sababu ni uongo.

Tupime basi. Chukua ndege ya kawaida ya injini ya 7.5cc. Injini na ekzosi yake ni karibu nusu kilo. Ongeza tangi, mililita 300 za mafuta na ile serva ya kabureta. Umekaribia gramu 900. Upande wa stima, mota ya nguvu hiyo ni kama gramu 300, kidhibiti cha spidi kama 60, betri nusu kilo na kidogo. Jumla? Karibu 900. Sawa tu! Anayelia kuhusu betri amepima betri akasahau injini.

Najua jibu lenu. Ati kilo moja ya petroli ina nishati zaidi ya mara 60 ya kilo ya betri ya LiPo. Kweli, sibishi. Mwaka wa 2003 ndege ya Maynard Hill, TAM-5, isiyofika kilo 5, ilitoka Newfoundland, Kanada, ikavuka Atlantiki hadi Ireland kwa zaidi ya saa 38. Ilitumia mafuta, na betri haingeweza hiyo kazi. Lakini wewe unavuka bahari gani? Unazunguka uwanja dakika kumi halafu unashuka juu shingo imechoka. Kwa dakika kumi, nishati nyingi ya injini ndogo inaishia kuwa joto na kelele. Mota inapeleka sehemu kubwa kwa propela.

Halafu kumbuka tuko Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Mabawa ya kila ndege yanaisikia, na propela pia, lakini injini inapata hasara zaidi kwa sababu inapumua hewa hiyo hiyo. Mota haipumui.

Na sisi wa stima tuache ujinga wetu. Mtu anataka kukaa juu zaidi, anaweka betri mara mbili. Ndege inakuwa nzito, mota inakula stima zaidi, na muda hauongezeki mara mbili. Ukiongeza uzito kwa asilimia 20, spidi ya chini kabisa ya kubaki hewani inapanda karibu asilimia 10. Yaani unatua mbio, unavunja magurudumu. Mafuta angalau yanapungua ukiruka. Betri inashuka na uzito ule ule iliopanda nao.

Dawa ni rahisi. Weka betri ndogo inayotosha, kisha isogeze mbele au nyuma hadi ndege isimame sawa, badala ya kuongeza risasi puani.

Kwa hivyo akija mtu kukuambia ndege yako ni nzito, usibishane. Mpe mizani ya jikoni apime yake kwanza, tangi likiwa limejaa. Mizani haina beshte.