Likizo Hii Twende Amani

Wengi wetu tumezoea kuwaachia wageni uzuri wa nchi yetu. Leo tunawapeni sababu tatu za kuipeleka familia kwenye msitu wa Amani, Usambara Mashariki, juu ya Muheza.

Kwanza, ni shule. Lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, wanalolipanda Wazungu madirishani, asili yake ni huku. Lilipelekwa Ujerumani miaka ya 1890. Watoto walione kwao.

Pili, ni maji. Mto Zigi unatoka katika misitu hii, na watu wa Tanga wanakunywa maji yake. Mtoto akiona chanzo, hahitaji hotuba ndefu juu ya kukata miti ovyo.

Tatu, ni ibada. Someni Zaburi ya 104 mkiwa chini ya miti hiyo.

Lakini afya kwanza. Muheza kuna malaria, na watoto waliokulia penye baridi, kama Njombe, kinga yao ni ndogo. Bebeni chandarua chenye dawa, hasa kwa mjamzito na watoto wadogo. Homa huweza kuanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, au zaidi, mkiwa mmekwisha kurudi nyumbani. Msimpe mtoto panado na kungoja. Mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo, na mwelezeni mhudumu mlikotoka.

Safari njema, na Mungu awalinde.