Bata la Pointi na Swali la Bibi

Desemba iliyopita familia yetu ilikula bata. Na siyo lile bata la kupiga picha getini kwa watu halafu unarudi stendi kugombania daladala. Tulilala usiku 3 kwenye hoteli ya ufukweni, pwani ya mashariki ya Unguja, vyumba 2 vyenye baraza linalotazama bahari. Tulikuwa watu 6: bibi, mama, mama mdogo, wadogo zangu 2 na mimi. Meza ya kifungua kinywa ilikuwa ndefu kuliko kaunta yote ya kantini yetu hapa chuoni, na hakuna aliyekuwa anahesabu umechukua mayai mangapi. Kwa mtu aliyezoea kugawa boom la elfu 10 kwa siku kati ya msosi, fotokopi na bando, ile ilikuwa dunia nyingine.

Na vyumba hatukulipia hata shilingi. Mama mdogo alilipa kwa pointi.

Kwa wasioijua habari hii, inakwenda hivi. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwaandikia abiria wake maili kila waliposafiri, na maili zikishafika idadi fulani unapewa tiketi. Miaka 2 baadaye, 1983, Holiday Inn wakaleta mtindo huohuo kwenye hoteli. Leo kampuni kubwa za hoteli karibu zote zinao: Marriott Bonvoy, Hilton Honors, World of Hyatt na wengineo. Unajiunga bure na kupewa namba. Kwenye hoteli nyingi za Marriott na Hilton, kila dola 1 ya chumba inakupa pointi 10, na ukilala sana unapandishwa daraja na kuongezewa. Pointi zikijaa, unazibadilisha kwa usiku wa kulala.

Ila kuna kitu kimoja ambacho matangazo yao hayakikazii. Mara nyingi pointi zinaingia kwa jina la aliyelala, hata kama aliyelipa ni mwingine.

Mama mdogo anafanya kazi kwenye shirika moja linaloendesha miradi ya elimu. Kazi yake ni kuandaa na kuendesha mafunzo kwa walimu na maofisa elimu. Leo yuko Arusha, wiki ijayo Nairobi, mwezi ujao Kigali. Chumba kinalipwa na mradi. Namba ya uanachama ni yake.

Usiku wa kwanza bibi alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekaribishwa msibani, anaogopa kukunja shuka. Akauliza chumba kinauzwaje. Mama mdogo akamwambia, "Ni bure mama, ni pointi." Bibi akataka aelezwe hizo pointi ni mdudu gani. Akaelezwa taratibu, mpaka akaelewa. Kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ulilala, kazini kwako wakalipa, na leo mimi ndiyo nalala?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Na wao wanajua?"

Mama mdogo akacheka, mama naye akacheka, wadogo zangu wakakimbilia kwenye bwawa. Swali likabaki pale chumbani na mimi.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye simu. Mama mdogo alikuwa ameniambia kwamba pointi alizotumia, kama 240,000, amezikusanya kwa miaka 3. Chumba cha dola 150 kinampa pointi 1,500, na kwa daraja lake anaongezewa nusu, jumla 2,250. Gawanya mwenyewe: inakaribia usiku 107 wa vyumba vya mradi. Zidisha kwa dola 150, unapata zaidi ya dola 16,000, karibu shilingi milioni 40. Hizo ndizo zilizozaa usiku 6 wetu, vyumba 2 mara usiku 3.

Mtu atasema: lakini zile fedha zingetumika tu, mafunzo yalikuwepo, vyumba vilihitajika, sasa mradi umepoteza nini? Hoja nzuri, na nilianza kuiamini mpaka nilipofuatilia jinsi mfumo wenyewe unavyojiendesha. Kila mwanachama anapolala na kulipa, hoteli inachangia kiasi kwenye mfuko wa programu. Ukija kulala kwa pointi, mfuko ule ndio unaoilipa hoteli. Maana yake ndani ya bei ya kila kile chumba cha Arusha na Nairobi kulikuwa na kipande kilichowekwa pembeni kwa ajili ya usiku wa baadaye. Aliyelipia kipande hicho ni mradi. Aliyekitumia ni sisi. Tafsiri ya "bure" ni kwamba bili ilishalipwa na mtu ambaye hakualikwa.

Lakini hilo siyo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni uamuzi wenyewe. Programu kadhaa za hoteli zinampa pointi hata yule anayepanga mkutano, juu ya ukumbi na chakula, siyo chumba tu. Sasa chukua mtu ambaye kazi yake ni kuchagua mafunzo yafanyike wapi. Upande mmoja kuna kituo cha walimu, wengi tunakijua kama TRC, chenye viti vya plastiki na feni moja, kisichotoa pointi. Upande wa pili kuna hoteli. Hakuna anayempa rushwa na hakuna anayemshika mkono. Mizani imeinamishwa kidogo tu, na inainama upande mmoja miaka yote.

Sisi tunaosoma elimu tunajua upande wa pili wa mizani ile una nani. Nilipokuwa field, shule niliyopangiwa ilialikwa kwenye mafunzo ya ufundishaji wa kusoma na kuandika. Nafasi ilikuwa ya mwalimu 1 tu, kwa sababu bajeti haikutosha. Akaenda mwalimu wa darasa la 2. Aliporudi akawaelezea wenzake kwa dakika 20 wakati wa chai, akaweka kijitabu chake kabatini, basi, mafunzo yakawa yamefika shuleni. Sisemi ulikuwa mradi wa mama mdogo, wala sijui waliotoa mafunzo yale walilala wapi. Ninachosema ni kwamba kila mara tunapoambiwa bajeti imetosha kwa mwalimu 1, tuna haki ya kuuliza bajeti hiyo ililala wapi.

Tukiwa kwenye boti ya kurudi Dar nilimwambia mama mdogo haya yote. Naomba niwe mkweli, sikuwa shujaa. Niliongea huku naangalia maji. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hela ya hosteli muhula uliopita ulipewa na nani?" Nikakosa jibu, kwa sababu alinipa yeye. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Mwaka juzi mwanawe alilazwa kwa malaria siku 4, yeye akiwa Kigali na mafunzo ya watu 60 ambayo hakuweza kuyaacha. "Zile pointi ndiyo kitu pekee ninachorudi nacho nyumbani," akasema. "Vingine vyote vinabaki kwenye ripoti."

Sikuweza kulipuuza hilo, na siwaombi mlipuuze. Kulala hotelini usiku 100 kwa mwaka siyo bata. Mtu anayekosa watoto wake kwa ajili ya kazi anastahili fidia. Hata Marekani wameona hivyo: tangu sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2001, watumishi wa serikali kuu wanaruhusiwa kubaki na maili na pointi za safari za kikazi. Ujerumani wameamua kinyume. Kule maili za kazi zinatakiwa zitumike kwa kazi, na mwaka 2002 mwanasiasa Gregor Gysi alijiuzulu nafasi yake katika serikali ya Berlin baada ya kujulikana kwamba alizitumia maili za kazi kwa safari binafsi.

Nchi 2, majibu 2. Unaweza kubishana lipi ni bora, na mimi nipo upande wa Ujerumani. Lakini angalia wanachofanana: wote walikaa chini, wakaamua, wakaandika. Mmarekani anayelala kwa pointi, swali la bibi linamkuta na jibu. Wao wanajua? Ndiyo, wanajua, na wameruhusu.

Hapa kwetu tumezoea kuangalia upande mmoja tu wa jambo. Mnakumbuka mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli alibana safari za nje za watumishi na kuagiza semina na mikutano ya serikali ifanyike kwenye kumbi za serikali. Wengine walishangilia, wenye hoteli walilia. Lakini mjadala ule ulihusu bei ya ukumbi na posho. Pointi hazikutajwa popote nilipowahi kusoma, kwa sababu haziko kwenye risiti. Mkaguzi anaona dola 150 zimelipwa na chumba kimelaliwa, anapiga tiki. Hana sababu ya kuuliza namba ya uanachama ilikuwa ya nani.

Kama mtu anastahili fidia ya usiku mbali na nyumbani, basi iitwe fidia, iandikwe kwenye mkataba, na wote walale nayo: mama mdogo, dereva aliyempeleka na kulala gesti ya elfu 20, na yule mwalimu wa darasa la 2 aliyepanda basi saa 11 alfajiri. Fidia inayompata tu mwenye kulala hoteli ya kimataifa inamtuza yule ambaye tayari alikuwa amelala vizuri kuliko wenzake.

Na tusijifanye hili ni la mashirika makubwa tu. Umoja wetu wa wanafunzi unasafirisha viongozi. Wanakwenda kwenye makongamano, michezo ya vyuo, ziara za kubadilishana uzoefu, kwa michango tunayokatwa sote kila mwaka, pamoja na yule anayekunywa chai kavu boom likichelewa. Baadhi wanapanda ndege na kulala hotelini. Sijamtuhumu yeyote. Huenda pointi zilizokwishapatikana ni za kununulia soda tu. Ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kuandika kanuni, kabla hazijawa za kununulia usiku wa Unguja.

Napendekeza bunge la wanafunzi lijadili mambo 3. La kwanza, kiongozi anayesafiri kwa fedha za umoja aeleze kwenye ripoti yake ya safari kama amepata pointi au maili, na ngapi. La pili, pointi hizo zitumike kwa safari inayofuata ya umoja. Kwa kuwa haziwezi kuhamishwa kirahisi, aliyezipata ndiye alipie nazo chumba au tiketi ya safari hiyo pale programu inaporuhusu. La tatu, anayechagua hoteli au ukumbi asiwe yuleyule anayepokea pointi. Hili la tatu likipita peke yake, mimi nitaridhika.

Mama mdogo hajanikasirikia, au amekasirika na ameficha. Wiki 2 baada ya safari alinipigia kuniambia ameuliza ofisini kwao kama kuna mwongozo wowote kuhusu pointi. Hakuna. Mtu wa fedha alimjibu kwamba katika miaka yake yote pale hakuna aliyewahi kuuliza. Ameombwa aandike pendekezo la ukurasa 1, na bado hajaamua ataandika nini, kwa sababu ana pointi nyingine 30,000 kwenye akaunti na mwanawe ameshaanza kuulizia Desemba.

Nilimweleza bibi. Akasema kitanda kile kilikuwa laini mno, kilimuumiza mgongo, lakini bahari ilikuwa nzuri na angependa kurudi. Safari hii, akasema, tumtafutie ya kulipia.