NURU HAIZAI SAMAKI



Kila mwezi uingiapo giza, bahari ya Unguja huwaka taa kama mji. Ni wavuvi wa dagaa walio kazini. Kitoweo cha mnyonge, na riziki ya kina mama wanaochemsha dagaa na kuwaanika juani, vyote vyategemea taa hizo. Basi suala la taa si la wavuvi peke yao. Ni la wananchi wote, na chama chetu hakiwezi kulinyamazia.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Usiku vijidudu vidogo vya baharini hupanda kutoka kilindini hata karibu na uso wa maji, na vingi huvutwa na mwangaza. Dagaa huvifuata, maana ndivyo chakula chao. Nyuma ya dagaa huja vibua na ngisi; na kolekole hujibanza ukingoni, pale nuru inapokutana na giza, wakivizia. Nahodha hodari, akiona kundi limejaa, huipunguza nuru pole pole ili samaki wasongamane, ndipo mtando huzungushwa.

Wala nuru zote si sawa. Wekundu humezwa na maji upesi; samawati na kijani hufika mbali chini. Maji yakichafuka wakati wa masika, taa ile ile haifiki mbali. Na mwezi ukiwa mpevu, nuru ya taa hupotea ndani ya mbalamwezi, samaki hutawanyika, na wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu. Mapumziko hayo wazee wetu hawakuyaandikia sheria. Mwezi mwenyewe ndiye aliyekuwa hakimu, naye hapokei rushwa.

Leo taa za betri na za jenereta zinachukua nafasi ya karabai. Hatupingi maendeleo. Taa inayojazwa kwa nguvu za jua humwondolea mvuvi gharama ya mafuta ya taa. Tunalolipinga ni mashindano yasiyo na kipimo. Nuru haizai samaki, huwakusanya tu. Mwenye taa kumi akitia nanga karibu na mwenye taa moja, humvutia samaki wake. Huyu wa pili atafanya nini? Atakopa kwa tajiri anunue kumi na mbili. Na tujuavyo, gharama za safari hutolewa kwanza, ndipo mapato yagawanywe baina ya mwenye chombo na mabaharia. Kwa hiyo mafuta ya kila jenereta inayoongezwa hulipwa pia na baharia, ambaye hakuulizwa.

Tena taa haichagui. Huita dagaa wazima na vitoto vya samaki wengine pamoja. Nyavu zikiwa na macho madogo mno, samaki wa mwakani huvuliwa leo, wakauzwa kwa bei ya dagaa.

Wako watakaosema kuwa kuweka kipimo ni kumnyima mvuvi chakula. La! Kipimo kikiwa kimoja kwa wote, hakuna anayepoteza ila yule aliyezoea kuchukua fungu la mwenzake.

Tunadai mambo matatu. Nguvu ya taa iwekewe kipimo kimoja kwa kila chombo cha mtando, cha tajiri na cha maskini. Usiku wa mbalamwezi ubaki wa mapumziko, hata kama zipo taa za kushindana na mwezi. Macho ya nyavu yakaguliwe pwani, kwa wenye vyombo wakubwa kabla ya wadogo. Na kanuni hizo zitungwe pamoja na manahodha, mabaharia na kina mama wa madagaani, wala si ofisini chini ya feni na watu wasiopata kulowa maji ya chumvi.

Wanachama, yazungumzeni haya matawini na madikoni. Bahari ni ya wote, na giza lake ni la wote. Nuru nayo isiwe ya wachache.